Ng'ombe wadogo wa asili kwenye shamba dogo: je, hesabu inakubali?

Mfugaji Mtarajiwa anauliza:

Ndugu wafugaji, salaam kwenu nyote. Nina shamba la ekari tatu. Zaidi ya nusu yake ni mazao, na sehemu iliyobaki ni mteremko wenye majani ya asili, mawe hapa na pale, pamoja na miti ya malisho niliyoipanda mipakani. Kwa muda sasa nimekusudia kuingiza ng'ombe wawili au watatu, na karibu kila ninayemwomba ushauri ananielekeza kwenye ng'ombe wakubwa wa maziwa, kwa hoja kwamba mtu mwenye ardhi ndogo hawezi kuipoteza kwa mnyama anayetoa lita mbili kwa siku. Hoja hiyo ina uzito, lakini sijaridhika nayo. Kiangazi kwetu hudumu miezi minne hivi, malisho ya kununua hayatabiriki, na mtaalamu wa mifugo hapatikani kila anapohitajika.

Ninaowafikiria ni ng'ombe wadogo wa asili, kama zebu (ng'ombe wenye nundu) wa pembe fupi wa Afrika Mashariki. Nimesoma pia habari za N'Dama wa Afrika Magharibi na Dexter wa Ireland, ambao husifiwa kwa udogo na uvumilivu. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli kwamba ng'ombe mdogo huokoa malisho, au ni maneno tu? Pili, huu uvumilivu unaosifiwa ni wa kweli kiasi gani, na unaishia wapi? Sitafuti biashara kubwa. Nataka maziwa ya nyumbani, samadi ya shamba, na ndama wa kuuza mara kwa mara.

Mfugaji wa Zamani anajibu:

Ndugu yangu, swali lako la kwanza lina mtego, na ni vizuri tuuondoe mapema. Wengi huamini kwamba ng'ombe wawili wa kilo 250 hula sawa na ng'ombe mmoja wa kilo 500. Sivyo. Chakula anachohitaji mnyama ili aishi tu, kabla hajatoa hata tone la maziwa, hakiongezeki sambamba na uzito wake, kwa kuwa mwili mdogo hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo moja. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu wa lishe ya mifugo, wale wawili watahitaji karibu asilimia 19 zaidi ya yule mmoja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba udogo peke yake ni akiba ya malisho hajakaa chini na kalamu.

Faida ya udogo iko kwingine, nayo huonekana katika mwezi mbaya kuliko yote wa mwaka. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji malisho ambayo, yakihesabiwa bila maji yake, ni kilo sita hadi saba kwa siku. Majani mabichi huwa na maji mengi, pengine robo tatu ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo kilo hizo sita au saba ni mzigo wa kilo 30 hivi wa majani ya kukata. Sasa peleka hesabu hiyo kwenye kiangazi chako cha miezi minne. Siku 120 kwa kilo sita na nusu ni kilo 780, na kwa kuwa hei, yaani majani yaliyokaushwa, nayo hubaki na unyevu kidogo, utahitaji takriban kilo 900 za hei, yaani marobota 50 ya kilo 18, kwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anayekamuliwa atataka maradufu ya hapo au zaidi, na hei peke yake haitamtosha. Atadai pumba, mashudu na madini kila siku, la sivyo atashuka maziwa, atakonda, kisha atakawia kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume. Ng'ombe mdogo wa asili hupungua mwili kiangazini, hujilinda kwa kuutumikia mwili wake kwanza, na mvua zikirudi hujirudishia nyama upesi. Kwa mfugaji asiye na ghala lililojaa, huko kupungua na kurudi bila kufa ndiko kunakolipa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufugaji hulipita haraka. Ukiwa na ng'ombe mkubwa mmoja na malisho yakapungua kwa theluthi, huwezi kuuza theluthi ya ng'ombe. Ukiwa na wadogo watatu unauza mmoja, na wawili wanaobaki wanakula kama kawaida.

Usichukue watatu kwa kuanzia, hata hivyo. Kwa sehemu ya malisho uliyoitaja, ambayo haifiki ekari moja na nusu, na yenye mteremko, wawili watakubana vya kutosha. Kwa mwaka mzima ng'ombe mmoja atataka karibu tani mbili na nusu za malisho makavu, na majani ya asili peke yake kwenye eneo hilo hayatafikisha kiasi hicho kwa wawili. Itakulazimu uyatumie mabua yako ya mahindi, upande matete ya kukata kwenye makinga maji ya mteremko, na uiweke ile miti ya malisho kuwa akiba ya protini ya kiangazi badala ya kuimaliza wakati majani bado ni mengi. Mabua yakatekate kabla ya kuyaweka horini. Ng'ombe akipewa bua zima huchagua majani na ncha, kisha hulikanyaga lililobaki mpaka likawa matandiko.

Daktari wa Mifugo anajibu:

Nitalishughulikia swali la pili, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi.

Uvumilivu wa ng'ombe si sifa ya jumla inayoweza kuhamishwa kutoka shamba moja hadi jingine. Kila jamii imevumilia kitu fulani, mahali fulani, kwa vizazi vingi. N'Dama, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Fouta Djallon nchini Guinea na hana nundu, anaweza kuishi na kuzaa penye mbung'o, mahali ambapo ng'ombe wengi wangeangamizwa na nagana, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na mbung'o hao. Vimelea vinaingia mwilini mwake kama kwa ng'ombe mwingine yeyote, ila mwili wake huvidhibiti na haupungukiwi damu kwa kasi ileile. Hata hivyo, akinyimwa chakula, akifanyishwa kazi ngumu au akielemewa na maradhi mengine, kinga hiyo hulegea. Ng'ombe wa Highland wa Scotland, kwa upande wake, ana tabaka mbili za manyoya zinazomwezesha kulala nje kwenye baridi na mvua, na manyoya hayohayo huwa adhabu kwake penye joto. Mtu akikuuzia mnyama kwa neno moja tu kwamba ni mvumilivu, muulize anavumilia nini.

Mfano ulio karibu na swali lako ni ndigana kali. Ugonjwa huu husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho hubebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni. Ndama wa zebu aliyezaliwa mahali penye kupe hao huambukizwa angali mdogo, wengi wao hupona, na baada ya hapo hubaki na kinga. Watu huona jambo hilo na kuhitimisha kwamba zebu haugui ndigana. Mchukue zebu wa umbo lilelile, rangi ileile na pembe zilezile, aliyekulia mahali pasipo na kupe huyo, umlete kwenye shamba lenye kupe, naye atakufa kama ng'ombe wa kigeni. Kwa hiyo, kabla hujauliza jamii ya ng'ombe, uliza alikulia wapi na kupe wa huko ni wa aina gani. Ukiweza, nunua kwa majirani wa eneo lako, na ukilazimika kununua mbali, zungumza na daktari wa mifugo mapema kuhusu chanjo ya ndigana, kwa maana chanjo hiyo ipo na hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa.

Jifunze pia kumkagua mnyama kwa mikono yako, kwa kuwa umesema mtaalamu yuko mbali. Geuza sikio nje na utazame mikunjo ya ndani, halafu pitisha vidole chini ya sikio, mahali taya linapoishia. Ukikuta tezi imevimba kama yai, na pua imekauka, na ndama amejitenga na wenzake, mpime joto siku hiyohiyo. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39.5 hivi, na likivuka 40 pamoja na tezi iliyovimba usingoje kesho. Dawa za ndigana hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mchanga. Ndama akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, nafasi ya kumwokoa huwa ndogo sana.

Chanjo za kimeta, chambavu na ugonjwa wa miguu na midomo haziangalii jamii ya ng'ombe. Zifuate kwa ratiba ya eneo lako. Minyoo pia ipo, hasa kwa ndama, na ng'ombe waliofungiwa kwenye kipande kidogo cha malisho huilamba tena na tena kuliko wale wanaotembea mbali. Hapo ndipo shamba dogo linapompunguzia ng'ombe wa asili ile ahueni aliyokuwa nayo kwenye machunga mapana. Gawa malisho yako katika vipande na uvipumzishe kwa zamu.

Mkamuaji anajibu:

Kwa heshima zote kwa wakuu waliotangulia, naona upande wa pili haujasemwa. Zebu mdogo hutoa lita moja hadi tatu kwa siku, hukauka mapema, na mtamba wake anaweza kufikisha miaka mitatu na nusu au minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Katika muda huo mtamba wa maziwa aliyelishwa vizuri anakaribia kuzaa mara ya pili. Kila siku ya kungoja ni siku ya kulisha. Ikiwa mwuliza swali anaishi karibu na soko la maziwa na anaweza kupata pumba kwa uhakika, ng'ombe chotara mmoja, mwenye damu ya asili nusu na ya maziwa nusu, atamfaa kuliko wadogo wawili, na mchanganyiko huo wa kwanza huwa na nguvu za mwili ambazo wazazi wote wawili hawana. Ni kweli kwamba maziwa ya zebu yana mafuta mengi, mara nyingi asilimia tano au zaidi, lakini mafuta hayaongezi ujazo wa ndoo.

Mfugaji wa Zamani anajibu:

Ndugu Mkamuaji, hesabu yako ni sahihi, ila ina masharti mawili: soko la karibu, ambalo mwuliza swali hakulitaja, na pumba ya uhakika, ilhali amesema malisho ya kununua kwao hayatabiriki. Kuhusu chotara, wewe umemsifu wa kwanza tu. Mtoto wake utampandisha na dume gani? Ukirudi kwenye damu ya maziwa, kizazi cha tatu kinahitaji matunzo ya ng'ombe wa kigeni kamili. Ukimpandisha chotara kwa chotara, ndama watatoka kila mmoja na sura yake, na zile nguvu za mchanganyiko wa kwanza zinapungua. Anayetaka chotara wa kwanza daima ni lazima mahali fulani pawe na mtu anayefuga ng'ombe wa asili wasiochanganywa.

Mfugaji Mtarajiwa anauliza tena:

Nawashukuru sana wakuu wangu. Nimeelekea kwenye ng'ombe jike wawili wa asili kutoka kwa wafugaji wa jirani. Yamebaki mambo mawili yanayonitatiza. Kwa ng'ombe wawili siwezi kufuga dume, na sijui nifanyeje ili nisije nikapandisha ndugu kwa ndugu. Pia nimeambiwa kwamba zebu hakubali kukamuliwa bila ndama. Je, ni kweli, na ndama akifa inakuwaje?

Mtunza Koo anajibu:

Suala la dume ndilo jaribio kubwa la ufugaji wa jamii ndogo, na ningependa ulipange kabla ng'ombe hajaingia zizini.

Ukimpandisha jike kwa baba yake, ndama anakuwa na kiwango cha undugu wa damu cha asilimia 25, na kwa kaka wa upande mmoja ni asilimia 12.5. Madhara yake hayatangazwi siku ya kuzaliwa. Utaona ndama dhaifu kidogo, mtamba anayechelewa kushika mimba, maziwa yanayopungua bila sababu unayoweza kuinyooshea kidole, na mambo hayo hujilimbikiza kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo dume la kijiji halipaswi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu baada ya hapo mabinti zake wanaanza kupandwa. Njia iliyo rahisi ni wafugaji kadhaa wa eneo moja kukubaliana juu ya dume moja bora, kisha kubadilishana na kundi la eneo jingine. Andikeni kwenye daftari ndama yupi ni wa dume lipi. Lakini dume linalozunguka hubeba na maradhi, hasa ugonjwa wa kutupa mimba na yale mengine ya njia ya uzazi, kwa hiyo lipimwe kabla halijaanza kazi na kila linapohamia kundi jingine.

Njia ya pili ni uhimilishaji, yaani jike kupandikizwa mbegu za dume na mtaalamu. Ugumu wake kwa ng'ombe wa asili uko mara mbili. Mbegu za jamii hizo mara nyingi hazimo katika mtungi wa mhimilishaji, mpaka uagize mapema, na usipokuwa mwangalifu utapewa mbegu ya dume kubwa la kigeni kwa kuwa ndiyo iliyopo. Kwa mtamba mdogo anayezaa mara ya kwanza, ndama mkubwa kupita kiasi ni hatari kwa wote wawili. Ugumu mwingine ni joto lenyewe. Zebu hukaa kwenye joto kwa saa chache, mara nyingi usiku, bila kelele nyingi. Mzunguko wake ni siku 21 hivi, kwa hiyo ukiona dalili hata kama umechelewa, iandike tarehe, na siku ya 19 hadi ya 22 uwe macho alfajiri na jioni. Anayesimama akakubali kupandwa na mwenzake asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Kwa kuwa umemtaja Dexter, nikuonye jambo moja. Wale wa miguu mifupi sana hubeba kasoro ya kurithi. Ukipandisha wawili waliobeba kasoro hiyo, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne huwa amelemaa na mara nyingi hutoka kabla ya wakati akiwa amekufa. Siku hizi kasoro hiyo hupimwa kwa mizizi ya nywele za mnyama, na mfugaji makini hampandishi aliyebeba kasoro kwa mwenzake wa namna hiyo. Udogo wa zebu hautokani na kasoro hiyo, kwa hiyo usichague kwa kutazama ufupi wa miguu pekee.

Na usidhani kwamba jamii ndogo haiwezi kutoweka kwa kuwa leo unaiona kila njia. Katika jimbo la Kerala nchini India kulikuwa na ng'ombe waitwao Vechur, wenye kimo cha chini ya mita moja na uzito wa kilo 130 hivi, wanaotoa hadi lita tatu kwa chakula kidogo sana. Sera ya kuwapandisha ng'ombe wote wa kienyeji kwa madume ya kigeni ilikaribia kuwamaliza kabisa, na mwaka 1989 Profesa Sosamma Iype na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kerala walilazimika kuwatafuta waliosalia, mmoja hapa na mwingine pale, ili kuanzisha kundi upya. Hawakupotea kwa ugonjwa wala kwa njaa. Madume yao yalihasiwa, na majike yakapewa mbegu nyingine.

Daktari wa Mifugo anajibu:

Nimalizie suala la kukamua. Ni kweli kwamba zebu wengi hawashushi maziwa bila ndama, kwa sababu kichocheo kinachoyasukuma maziwa kiweleni kwao huamshwa na harufu na mguso wa mtoto kuliko mkono wa mkamuaji. Mwache ndama anyonye kidogo kwenye chuchu zote nne mpaka uone zimejaa na kung'aa, kisha mfunge karibu na bega la mama yake, mahali atakapoweza kumlamba. Mama akishaanza kulamba, kamua upesi kwa mikono miwili, maana maziwa hayangoji muda mrefu. Usikamue chuchu zote. Mwachie ndama chuchu moja kamili katika miezi ya mwanzo, na umwachie na mabaki ya zile tatu. Ukimnyima, utapata nusu lita ya ziada leo na ndama aliyedumaa mwakani, ilhali umesema ndama ni sehemu ya mapato yako.

Ndama akifa, ng'ombe wengi hukauka ndani ya siku chache. Wapo wanaokubali kuendelea wakipewa pumba kidogo wakati wa kukamuliwa na mtu yuleyule kwa saa zilezile, hasa ikiwa walizoeshwa hivyo tangu uzao wa kwanza, lakini usiweke matumaini yako hapo. Weka nguvu kwenye kumlinda ndama. Anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa sita za mwanzo, kiasi cha lita mbili hivi kwa ndama wa kilo 20, kwani baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupitisha kinga ya mama kwenda kwenye damu. Akishindwa kusimama, mkamue mama na umnyweshe kwa chupa. Kitovu kichovye kwenye aidini mara tu anapozaliwa. Ndama dume ambaye hukusudii kumfanya mbegu mhasi au mtenge kabla hajafikisha mwaka, maana kwenye zizi la ng'ombe wachache wa kwanza kupandwa naye atakuwa mama yake au dada yake.